Jeli ninayouza ni halali? Na nikiacha jelatini nitumie nini?

*"Assalamu alaikum. Ninaishi Mtwara mjini. Natengeneza jeli za vikombe, nauza kwa watoto wa shule na kwenye shughuli, na Ramadhani napata oda nyingi za futari. Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinirudishia vikombe kumi na viwili mbele za watu, akasema jeli ni nguruwe aliyesagwa. Tangu siku hiyo sina raha. Ndani nina pakiti za aina tatu: moja imeandikwa jelatini ya ng'ombe lakini haina alama ya halali, ya pili imeandikwa jelatini tu, ya tatu imeandikwa ni ya mboga. Jirani anasema ikishachemshwa ikawa unga haina shida tena. Shemeji anasema zote haramu. Nilijaribu aga-aga, ikawa ngumu kama kandambili na ikatoa maji. Jeli ya nanasi nayo haigandi hata nikiilaza kwenye friji usiku kucha. Mama yangu analima mwani, naweza kuutumia? Na wale niliokwisha kuwauzia, nimewalisha haramu?"*

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna maswali ya aina mbili yaliyofungwa fundo moja. Kuna swali la dini, na kuna swali la jikoni. Mimi fani yangu ni sayansi ya chakula. Nitakueleza jelatini ni kitu gani, inatoka wapi, na wanazuoni wamesema nini juu yake kwa kadiri yalivyo wazi. Hukumu ya kwako wewe, kwa pakiti zako na wateja wako, utaipata kwa sheikh unayemwamini, na mwisho nitakwambia uende kwake na nini mkononi.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Huyo mama alikosea alipokuaibisha mbele za watu, na alikosea pia kusema jeli yote ni nguruwe. Ila hofu yake ina msingi. Ngozi ya nguruwe ni malighafi kubwa ya jelatini duniani, hasa ile inayotengenezwa Ulaya. Nyingine hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, na kiasi kidogo na ngozi za samaki. Unga wa nguruwe na wa ng'ombe ukiwekwa kwenye visahani viwili, hakuna mtu duniani atakayeutofautisha kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi.

Jelatini yenyewe unaijua toka utotoni, ila hukuijua kwa jina hilo. Umewahi kupika supu ya makongoro, ikalala, asubuhi ukaikuta imeganda inatikisika sufuriani? Hiyo ndiyo jelatini. Ngozi, mifupa na kano za mnyama zimeshikiliwa na protini iitwayo kolajeni. Ichukulie kama kamba ya usumba: nyuzi tatu zimesokotwa pamoja, ngumu, haziyeyuki majini. Ukichemsha muda mrefu msokoto unafunguka na nyuzi zinaelea kila moja peke yake. Supu ikipoa zinajaribu kurudiana, zinashikana hapa na pale bila mpangilio, na maji yananaswa katikati kama samaki kwenye juya. Kiwandani wanafanya hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi: ngozi au mifupa inalowekwa kwenye asidi au chokaa, inachemshwa, supu inachujwa, inakaushwa na kusagwa.

Hapo ndipo hoja ya jirani yako inapoingia, na si hoja ya kipuuzi, kwani wanazuoni wakubwa wameijadili. Kuna kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, iitwayo istihala, kwamba kitu najisi kikigeuka kabisa kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka. Mfano unaojulikana ni mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Wenye madhehebu ya Hanafi na Maliki wameipanua kanuni hii. Mwaka 1995 wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba walifikia rai kwamba jelatini iliyogeuka namna hiyo ni safi na inaliwa. Lakini kabla yao, mwaka 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Amman na kutoa azimio kwamba Muislamu hafai kutumia jelatini ya nguruwe katika chakula, kwa kuwa ile ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisharia inatosheleza. Na sisi wa pwani hii, wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, ambayo mlango wa istihala yameuacha mwembamba sana. Hata ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ikatoharika, ya nguruwe na ya mbwa haimo.

Kwa hiyo jirani yako akisema "kuna wanazuoni wanaoruhusu", amesema kweli. Akisema "kuchemsha kumeondoa", hapo amechanganya. Kuchemsha peke yake hakugeuzi kitu kikawa kingine. Na mimi kama mtu wa maabara nitaongeza jambo moja, kwa kuwa linahusu fani yangu: mabadiliko ya kolajeni kuwa jelatini si makubwa kama ya mvinyo kuwa siki. Nyuzi zimefunguka na kukatika, lakini bado ni protini ile ile, na maabara yenye vifaa inaweza kuipima ikasema hii ni ya nguruwe na hii ni ya ng'ombe. Ndiyo maana wanazuoni wengi wanaoelezwa mchakato wenyewe hubaki na shaka kama hapo istihala imetimia. Uzito wa hilo kisharia waachie wao.

Sasa pakiti zako.

Ile ya ng'ombe. Watu wengi wakiona ng'ombe hupumua, lakini ng'ombe naye ana masharti. Asipochinjwa kisharia ni nyamafu, na ngozi yake na mifupa yake inafuata hukumu hiyo. Pakiti isipotaja alama ya halali hujui alichinjwa vipi. Wapo wanaotegemea ruhusa ya chakula cha Ahlul-Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, kwa bidhaa zitokazo nchi za Wakristo, na wapo wanaosema uchinjaji wa viwandani siku hizi hautimizi hata sharti hilo. Alama unazoweza kukutana nazo madukani kwetu ni ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), ya Kenya, ya SANHA au MJC za Afrika Kusini, na ya JAKIM ya Malaysia. Tazama kama jina la taasisi limeandikwa. Neno halali lililochapwa tu pembeni bila jina la aliyethibitisha ni neno la mwenye kiwanda.

Ile iliyoandikwa jelatini tu, kwangu mimi haiuzwi kwa mtu anayefuturu. Huna namna ya kujua. Nimewahi kuulizwa kama ukiichoma ukanusa harufu utatambua nguruwe. Hutatambua. Itanuka kama nywele zinazoungua, na hiyo ni harufu ya protini yoyote, ya nguruwe, ya ng'ombe, hata ya unyoya wa kuku.

Ile ya mboga inawezekana kabisa ndiyo iliyo salama kuliko zote tatu, ila soma vizuri. Hakuna jelatini inayotokana na mboga. Wafanyabiashara wanatumia neno hilo kwa kitu kingine kinachogandisha. Geuza pakiti utafute namba hizi: E406 ni aga-aga, E407 ni karajinani inayotokana na mwani, E440 ni pektini ya matunda, E410 ni unga wa mbegu za mkarobu. Zote hizo ni za mimea. Ukiona E441, hiyo ni jelatini, hata kama nje kumechorwa jani. Ukiona E120 kwenye jeli nyekundu, ni rangi inayotolewa kwa mdudu, nayo ina maneno yake kwa wanazuoni. Ukiona E471, ni mafuta yanayoweza kuwa ya mmea au ya mnyama, na hapo lazima umuulize mtengenezaji. Usizichukue zile orodha ndefu zinazozungushwa kwenye simu zinazosema kila E ni nguruwe. Vitamini C ina E yake, na chumvi ya magadi ina E yake.

Kuna jaribio dogo unaloweza kufanya nyumbani kama pakiti haisemi kitu. Gandisha kidogo kwenye kikombe, kisha weka juu kipande cha nanasi au papai bichi, yaani lisilopikwa, uiache saa kadhaa. Ikilegea na kuwa maji, ni jelatini ya mnyama. Ikibaki imara, ni ya mmea. Jaribio hili linakwambia mnyama au mmea, basi. Halitakwambia mnyama gani.

Na hapo ndipo jeli yako ya nanasi inapopata jibu lake. Haikuwa friji, na wala hukukosea vipimo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, na papai lina papaini, ndiyo maana mama zetu wakitaka nyama ngumu ilainike hukwangua papai bichi wakaipaka. Vimeng'enya hivyo kazi yao ni kukata protini. Unavimimina ndani ya jelatini, ambayo ni protini tupu, unategemea nini? Vinazikata nyuzi vipande vipande, hakuna tena cha kunasa maji. Ukitaka nanasi na jelatini, chemsha nanasi kwanza dakika chache, vimeng'enya vife. Nanasi la kopo limeshapikwa, halina tatizo. Aga-aga wala haiguswi na jambo hili, kwa sababu yenyewe si protini, ni jamii ya sukari ndefu zilizounganika.

Mabibo nayo yana kesi inayofanana. Ule ukakasi unaokamata ulimi na koo hutokana na tanini, na tanini ikikutana na jelatini zinashikana na kutuama chini kama matope mepesi. Kuna watengenezaji wa juisi wanaoitumia tabia hiyo makusudi: wanatia jelatini kidogo kwenye juisi ya mabibo au ya tufaha ili ukakasi utuame, kisha wanachuja. Jelatini imetumika, imetolewa, na mara nyingi haitajwi kwenye chupa. Anayetengeneza juisi ya mabibo huku kwetu akashauriwa kutumia jelatini kuisafisha, na aulize ni ya nini.

Nije kwenye aga-aga, ambayo moyo wangu uko huko. Inatokana na mwani mwekundu. Kwenye pakiti utaiona imeandikwa Agar Agar, na wauza viungo wa Kihindi huiita china grasi. Ndiyo iliyokuwa ikigandisha faluda za pwani miaka yote. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 35. Fikiria joto la Mtwara mwezi Novemba, saa nane mchana, umeme umekatika, na vikombe vyako viko kwenye beseni juu ya meza ya shughuli. Vinarudi kuwa juisi mbele ya macho yako. Aga-aga huganda ikishuka kati ya nyuzi 32 na 40, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike kama nyuzi 85. Maana yake inaganda mezani, bila friji, na inabaki imeganda juani.

Hili si jambo jipya, na walioligundua kwa faida ya dunia nzima walilipata jikoni. Mwaka 1881 daktari Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch kule Berlin. Walikuwa wakikuza vijidudu juu ya jelatini, na kila joto lilipopanda jelatini iliyeyuka na kazi ikaharibika. Mkewe Fanny akamwambia atumie aga-aga, kwa sababu yeye aliitumia kwenye jeli zake nyumbani na hazikuyeyuka kiangazi. Alifundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Mpaka leo, hospitali yoyote inayootesha vijidudu ili kujua ugonjwa inatumia aga-aga kwa sababu ya mama yule na jeli zake.

Yako ilikuwa ngumu kama kandambili kwa sababu, nadhani, uliipima kama jelatini. Lita moja ya jeli ya jelatini inataka gramu 15 hadi 20. Lita moja ya aga-aga ya unga inataka gramu 6 hadi 8, basi, kama vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa. Ukiweka kipimo cha jelatini utapata raba. Nunua mizani ndogo ya jikoni, dada yangu. Kwa biashara kama yako inajilipa yenyewe, kwa sababu aga-aga ya kampuni moja na ya nyingine hazina nguvu sawa, na ukipata kipimo chako unakiandika.

Kosa la pili ambalo wengi hufanya ni kuikoroga kwenye maji moto kama jelatini na kuondoka. Aga-aga haiyeyuki kwa maji moto, inataka ichemke. Itie kwenye maji yakiwa ya baridi, koroga, acha ilowe dakika tano, kisha weka jikoni moto wa wastani ukikoroga mpaka ichemke, iendelee kutokota dakika mbili tatu mpaka usione tena chembe kwenye mwiko. Sukari tia humo humo. Sukari husaidia pia kupunguza yale maji yanayotoka, na maji kidogo yatatoka tu, ndiyo tabia yake. Ukipunguza unga na kuichemsha sawasawa yatakuwa machache sana.

Usichemshe aga-aga pamoja na kitu kikali. Ndimu, ukwaju na bungo vikichemka nayo vinazikata zile sukari ndefu na jeli inakuwa legelege. Kwa jeli ya bungo ya lita moja, chemsha aga-aga gramu 8 na sukari katika nusu lita ya maji. Ipua, iache itulie kidogo, kisha mimina nusu lita ya juisi ya bungo iliyochujwa. Juisi isiwe imetoka kwenye friji. Ikiwa baridi, aga-aga itashtuka na kuganda vipande vipande ndani ya sufuria kabla hujamimina. Gawa kwenye vikombe haraka. Ndani ya saa moja unauza.

Ukitaka jeli laini inayoteleza, tumia tui. Tui la nazi ni zuri, ila mtu wa Mtwara anayenunua maziwa ya kopo huku korosho ziko mlangoni nashindwa kumwelewa. Loweka korosho usiku, saga, chuja kwa kitambaa, tui lake litie kwenye aga-aga iliyokwisha kuchemka, kwa kipimo cha gramu 5 au 6 tu kwa lita. Hiliki kidogo. Mafuta ya tui yanaivunja ule ugumu wa aga-aga, na kinywani inakaribia sana ile jeli ya jelatini uliyoizoea. Ukitaka tabaka mbili, la bungo chini na la korosho juu, mimina la pili wakati la kwanza limeshika ngozi juu lakini bado lina joto. Ukisubiri lipoe kabisa, matabaka yataachana mtu akitia kijiko.

Kuhusu mwani wa mama yako: ndiyo, unaweza, lakini usikilize kwa makini. Mwani unaolimwa pwani yetu, kuanzia Unguja ulikoanza kilimo cha biashara mwaka 1989 mpaka Kilwa na Mtwara, ni wa aina mbili ambazo wakulima wanaziita spinosamu na kotoni. Unakaushwa, unafungwa viroba, unasafirishwa ng'ambo, na huko unatolewa karajinani, ile E407 inayorudi kwetu ndani ya pakiti. Nikiiona pakiti hiyo dukani nawaza akina mama waliosimama kwenye maji ya magoti tangu alfajiri kufuata bamvua, wakalipwa kidogo kwa kilo, na kisha wanainunua tena kwa bei ya duka.

Spinosamu inatoa jeli laini, inayonyumbuka, isiyotoa maji sana. Kwa ulaini ndiyo inayofanana zaidi na jelatini, na inapenda maziwa. Kotoni inatoa jeli ngumu zaidi, inayokatika, na inapata nguvu ikikutana na potasiamu, ambayo madafu yanayo kwa wingi. Shida ni kwamba kotoni imekuwa ikifa maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, hivyo wengi wanalima spinosamu. Muulize mama yako anayo ipi.

Chagua mwani uliokaushwa juu ya chanja, usiokaushwa mchangani, na uliotoka sehemu isiyo karibu na mifereji ya mji wala maegesho ya boti. Loweka kwenye maji baridi usiku mzima ukibadilisha maji mara kadhaa, mpaka chumvi iishe na harufu ya bahari ipungue. Toa kwa mkono kila kombe na kijiwe. Kisha chemsha kwa moto mdogo, kwa maji ya kutosha kuufunika, mpaka ulainike na kuvunjika. Inaweza kufika saa nzima. Chuja ungali moto kwa kitambaa kizito. Uji huo ndio unaochanganya na maziwa, tui au madafu. Hakuna kipimo ninachoweza kukupa cha uhakika hapa, kwa kuwa kila mwani una nguvu yake na viwandani wanautibu kwanza kwa magadi makali ili ugande zaidi. Weka kijiko kimoja kwenye kisahani kikavu, kipoe, ukione. Kikiwa chepesi, rudisha sufuria jikoni upunguze maji. Kwa oda ya watu, ningekushauri uanze na aga-aga, na mwani uufanyie mazoezi kwa ajili ya nyumbani mpaka mkono uzoee.

Wanga wa muhogo na wa mahindi nao hugandisha, lakini unachopata ni kitu kizito kisichoangaza, ndugu yake uji. Na ukitaka kweli jelatini iliyo halali bila shaka, makongoro ya ng'ombe aliyechinjwa machinjioni kwetu yatakupa, ila hakuna sukari itakayoficha harufu ya supu.

Kuna tahadhari moja ambayo aga-aga inaizidi jelatini kwa ubaya, na wewe unawauzia watoto. Jelatini ikikwama kooni inalainika kwa joto la mwili. Aga-aga na jeli za mwani hazilainiki. Jeli za vikombe vidogo ambazo mtoto anaminya na kufyonza kwa mkupuo zimewaziba watoto pumzi katika nchi mbalimbali, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku. Wewe tumia vikombe vipana na kijiko, isiwe ngumu, na kwa watoto wadogo wasiofika miaka mitano ikatwe vipande vidogo na mtu mzima awe karibu. Na mwenye tatizo la tezi ya shingo asile jeli ya mwani wa nyumbani kwa mazoea kabla hajaongea na daktari, kwa sababu mwani una madini joto.

Najua pia kuwa watu wakisikia habari za jelatini, hukumbuka vidonge vya rangi mbili vya hospitali, ambavyo ganda lake mara nyingi ni jelatini. Usiache dawa na usimwachishe mtu dawa kwa sababu ya niliyoyasema. Dawa ina hukumu zake za dharura, na mfamasia anaweza kuulizwa kama ipo ya namna nyingine.

Swali lako la mwisho ndilo lililokunyima usingizi. Hukujua. Qur'ani katika Suratul Ahzab inasema hapana lawama juu yenu kwa mliyoyakosea, bali kwa yale ambayo nyoyo zenu zimekusudia. Mengine yaliyobaki, kama kuna la kufanya kwa fedha uliyopata au la kuwaambia wateja, nenda kwa sheikh wa msikiti wako au ofisi ya BAKWATA ya mkoa. Usiende na maneno ya shemeji. Nenda na pakiti zote tatu, au picha zake mbele na nyuma, na jina la duka uliponunua. Ukiulizwa kuhusu ile ya ng'ombe na ile iliyoandikwa jelatini tu, jibu langu la kitaalamu ni kwamba ya kwanza haijulikani mnyama alichinjwa vipi, na ya pili haijulikani ni ya mnyama gani, na unaweza kumwambia hivyo.

Biashara ikikua mpaka unaweka lebo na kupeleka madukani, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze ufungashaji, na TBS, shirika la viwango, kwa usajili, maana tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao. Kwa sasa kalamu na karatasi ya kubandika vinatosha. Juu ya kila kikombe andika: *Jeli ya bungo. Maji, bungo, sukari, aga-aga ya mwani.* Na yule mama aliyekurudishia vikombe, mpelekee kimoja akisome mwenyewe kabla hajakionja.